Msiba wa Nani?

Bedifodi ya mwaka sitini na mbili
ilibeba katani mpaka katani ikafa bei,
ikalala miaka kumi na tisa nyuma ya korona,
kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Mume wangu Shekalaghe aliinunua kwa kiinua mgongo cha relini.
Wanangu walisusa simu wiki nzima.
Majirani wa Chumbageni walikuja kunipa pole,
wakanywa chai, wakaichungulia kwa pembeni
kama wanaomtazama mke mwenza.

Yeye akaijengea kibanda cha mbao mgongoni:
kitanda cha futi nne, jiko la mchina,
vikombe vinne vilivyofungwa kamba masikioni,
na dirisha la behewa la daraja la pili,
bado limeandikwa USITOE KICHWA NJE.
Nyuma akapaka rangi nyekundu, mkono ukimtetemeka:
NIMECHELEWA, SIJAPOTEA.

Tulitoka Tanga alfajiri ya Jumanne.
Maramba, machungwa. Daluni, rasharasha.
Kisha Usambara ikatugeuzia kisogo
ikabaki na mvua yake
kama mwenye duka aliyekwisha funga hesabu.

Kutoka Mng'aro kwenda Lunguza barabara si barabara,
ni makubaliano ya mbuzi na makorongo.
Miiba inapiga mluzi ubavuni mwa bodi.
Vumbi linaingia hadi kwenye chumvi.
Gia ya pili, ya kwanza, ya pili.
Shekalaghe hasemi nami, anasema na klachi:
"Haya mama, haya, taratibu,"
nami, miaka thelathini na minne ya ndoa,
sikubembelezwa hivyo hata kwenye uchungu wa kuzaa.

Saa saba rejeta ikachemka.
Dumu letu la akiba lilikuwa limepasuka, sijui wapi,
limetuandikia mstari wa maji njia nzima
na jua limekwisha ufuta.

Tukakaa kivulini mwa tairi.

Akatokea mtoto na punda watatu,
madumu sita, rungu, jina lake Loishiye.
Akaamkia. Akalizunguka gari mara mbili.
"Msiba wa nani?"
Hakuna msiba.
"Mmepotelewa na ng'ombe?"
Hatuna ng'ombe.
"Mnadaiwa?"
Shekalaghe akacheka: kidogo.
"Sasa mnakwenda wapi?"
Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu.

Akashusha dumu moja. Maji ya Umba,
rangi ya chai ya maziwa.
Niliisikiliza rejeta ikiyagugumia
maji yaliyokuja kwa kwato tangu asubuhi,
na sikujua pa kuweka macho.
Pesa aliikataa. Alitaka kuona ndani.

Akavua makatambuga, akapanda,
akajilaza chali juu ya shuka letu jeupe.
Akagonga vikombe kwa kucha, kimoja kimoja.
Akasoma dirisha silabi kwa silabi,
akalifungua,
akatoa kichwa nje.

Kutoka huko nje akauliza:
"Nyumba hii, nani aliwafukuza nayo?"
Hakuna aliyetufukuza, mwanangu. Tumeondoka tu.
Akanyamaza, akitafuna neno hilo, tumeondoka tu.
Kisha akaelekeza kidevu kaskazini,
kule kwenye mbuga ya wanyama:
"Baba amezaliwa kule.
Siku ya kuhama walibeba vibuyu.
Nyumba haikubebeka."

Injini ilipokubali, Shekalaghe alimwachia honi.
Inalia kama beberu mwenye mafua.
Punda wakatimka, madumu yakigongana,
naye akawafukuza huku akicheka, shuka lake likipepea,
mpaka wekundu wake ukawa mdogo kama kiberiti.

Mnazi tuliifikia usiku, tukaegesha nje ya mji.
Shekalaghe alilala na buti zake.
Mimi niliwasha kurunzi kitandani:
mgongo wa mtoto umechorwa kwa vumbi,
mabega, visigino, na palipokuwa kichwa.

Nikalala pembeni yake.
Sikukung'uta shuka.